Hati ya Mwenyekiti Si Hati ya Kikundi

Nairobi kuna vyama vingi vya marafiki wanaochanga wanunue ekari kadhaa Kajiado au Machakos, wakaishi pamoja, walime bila kemikali na wavune maji ya mvua. Wengi huamini kwamba hati ikiandikwa majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, shamba limekuwa la wote. Si kweli, na inauma kuona jasho la watu likipotea hivyo.

Hao watatu wakiandikwa kila mmoja na hisa yake, mmoja akifariki, hisa hiyo huenda kwa warithi wake, na pengine wao wanataka kuuza tu. Nyinyi mtabaki na daftari la michango, mkijaribu kuthibitisha mahakamani kwamba marehemu alikuwa amewashikia.

Ushirika uliosajiliwa ni jambo jingine. Watu 10 wanatosha kuuanzisha, nao humiliki ardhi kwa jina lake, viongozi wabadilike wasibadilike. Basi sajilini kabla ya kulipia shamba. Kwenye sheria ndogo, yaani kanuni za ndani za ushirika wenu, andikeni waziwazi anayehama atarudishiwa nini. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Na kwa shamba la kilimo, ombi la kibali cha kuuziana lifike bodi ya udhibiti wa ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba.