Tawi moja kahawia, mti mzima kijani

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Kibosho alinipigia simu. "Binti, mti wangu wa Krismasi unakufa. Niukate?" Nikamwomba panga alirudishe ndani hadi nifike.

Mti wenyewe ni saipresi, hii hii tunayopanda kwenye uzio Moshi nzima. Umesimama kando ya geti, umenawiri hadi kileleni, isipokuwa tawi moja la upande wa barabara lililogeuka rangi ya kutu. Duka la pembejeo lilikuwa limeshamuuzia dawa ya wadudu, naye ameipulizia yote.

Mimi tawi moja halinitishi sana. Mizizi ikiumwa, labda kwa maji kutuama, mti hupauka sehemu nyingi kwa pamoja. Likikauka tawi moja, mkosaji kwa kawaida yuko kwenye tawi hilo hilo. Majani makavu siyashughulikii. Nalifuata tawi taratibu kuelekea shina, nikikwangua gome kwa ncha ya kisu. Gome hai lina ubichi na unyevu chini yake. Lililokufa ni kahawia. Pale rangi zinapokutana ndipo ninapotafuta.

Mara nyingi nakuta kidonda: gome limebonyea na kupasuka, utomvu unachuruzika. Hiyo ni kansa ya saipresi, inayoletwa na kuvu wa jenasi Seiridium. Kansa hii ndiyo iliyofanya saipresi ya Monterey iachwe katika mashamba ya miti Afrika Mashariki, tukahamia hii tuliyonayo. Dawa ya kuiponya hakuna. Ni kukata chini ya kidonda, pale ambapo tawi bado ni zima. Vidukari wa saipresi, wadudu wadogo wafyonza utomvu walioonekana Malawi mwaka 1986 kisha wakaja huku kwetu, wana alama zao: majani yananata, yana masizi meusi, na siafu wadogo wanapanda na kushuka. (Siafu wadogo ni sisimizi, najua. Bibi yangu aliwaita hivyo.)

Kwa mzee hapakuwa na utomvu wala masizi. Palikuwa na uvimbe, na nyuma yake mfereji mwembamba umezunguka tawi. Nikachokonoa. Waya ya kufungia nondo.

"Ah!" akasema. "Hiyo tulifungia taa, watoto walipokuja Desemba. Si mwaka jana. Wala juzi."

Hakuamini waya ya zamani hivyo iue leo. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia gome, na maji hupanda kupitia mbao iliyo ndani. Tawi linaponenepa, waya inabana gome kwanza. Chakula kinakwama, ndiyo maana ya ule uvimbe upande wa nje. Maji yanaendelea kupita, kwa hiyo kijani kinabaki. Baadaye na maji yanakatika. Hata hapo rangi inachelewa: tawi la saipresi ulilokata na kulisimika kwenye ndoo sebuleni linafika Mwaka Mpya likiwa kijani, na limeshakufa.

Nililikata kwa msumeno nilioufuta kwa spiriti, karibu na shina bila kulikwaruza. Pengo litabaki, maana saipresi haichipui kwenye sehemu kuukuu isiyo na majani. Kisha tukauzunguka mti pamoja, mzee akielekeza kwa fimbo alikokumbuka kufunga. Tulitoa waya nyingine mbili. Moja ilikuwa imeshaanza kuzama.