Bibi na Bwana si mhuri wa Mkuu wa Wilaya

Juzi tena. Mzazi, mkulima wa korosho anayeijua bei ya mnada kuliko karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kaja na daftari la mwanawe kuuliza kwa nini nimemkosesha. Mtoto kaandika kwamba Mahakama ya Mwanzo ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya kuhukumu watu. "Mwalimu, si pana Bibi na Bwana pale ukutani? Na kwa DC, huyo Mkuu wa Wilaya, wapo hao hao. Sasa mkubwa si mmoja?"

Hoja imenyooka, na ndiyo maana inaniudhi. Kila mwaka naikuta darasa la tano, na hapa Mtwara nimeshaisikia hata kwa walimu wenzangu wakinywa chai ofisini.

Bibi na Bwana ndiyo nembo ya Taifa. Yenyewe tuipitie haraka. Ngao ina mwenge juu, chini yake bendera, kisha sehemu nyekundu yenye mkuki na shoka na jembe vilivyopishana, kisha mawimbi. Pembe za ndovu huku na huku, Kilimanjaro chini, mwanamume na mwanamke wameshikilia. Si Adamu na Hawa, jamani. Adamu na Hawa hawakuandikiwa "Uhuru na Umoja" miguuni. Upande wa mwanamume pana karafuu, wa mwanamke pana pamba, na hapo darasa langu hulipuka: "Korosho iko wapi, Mwalimu?" Swali halali. Huwa nawaambia nembo si orodha ya mazao, na wanajua kabisa kwamba nimekwepa.

Ninachotaka wakishike ni kimoja: ile nembo ni ya Jamhuri nzima. Serikali inaitumia, Bunge linaitumia, Mahakama inaitumia. Naleta darasani noti, kivuli cha cheti cha kuzaliwa na pasipoti iliyokwisha muda, navipanga mezani, nauliza: haya, mwenye cheti hiki ni mfanyakazi wa DC? Wanacheka. Nembo ukutani inakueleza kwamba kazi ya mle ndani inafanywa kwa niaba ya Jamhuri. Nani anamwamuru nani, haisemi.

Baada ya hapo ndipo inapokuja ile nyimbo: Bunge hutunga sheria, Serikali hutekeleza, Mahakama hutafsiri. Mtihani unaitaka, basi waikariri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mafiga matatu. Sijui nani aliyeanza kufundisha kwamba hiyo mihimili mitatu ya dola ni kama mafiga yaliyobeba chungu. Mafiga hayagusani! Figa moja likilegea, mengine hayana la kulifanya. Katiba yetu ya mwaka 1977 imejaa kugusana.

Rais anamteua Waziri Mkuu, lakini uteuzi haukamiliki mpaka wabunge walio wengi wauthibitishe. Wabunge wakipitisha muswada, hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Akiukataa, anaurudisha pamoja na sababu zake. Wabunge wakiung'ang'ania kwa theluthi mbili na kuurudisha kwake ndani ya miezi sita, Rais ana siku 21 tu: aukubali, au alivunje Bunge. Watoto wanaipenda sana sehemu hii, maana inanukia ugomvi. Wanadhani Rais ndiye kashinda. Nawaambia wageuze kurasa warudi ibara ya 38: Bunge likivunjwa, na kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, uchaguzi unamhusu na yeye. Kimya. Halafu mmoja nyuma: "Ah, basi atasaini!"

Sasa wale wanaojiona wamesoma, wanaosema mihimili "imetengana kabisa", nao wanipishe. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Ndiyo, Rais ni sehemu ya Bunge. Na mawaziri wote wanateuliwa miongoni mwa wabunge. Kazi ya kuisimamia Serikali wamepewa wale wa sehemu ya pili, wabunge, ambao baadhi yao ndio hao mawaziri. Mtoto mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo waziri anajisimamia?" Nikamjibu kwamba wako wabunge wengine wa kumuuliza maswali. Ni jibu la kweli, ila halinitoshi hata mimi.

Huku kwetu mfano upo, tena unauma. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa inarudi kuliendeleza zao. Mwaka 2018 Serikali ikaleta mabadiliko ya kuuondoa mgao huo kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha, wabunge wa Lindi na Mtwara wakapinga, muswada ukapita. Wazazi wanasema Serikali ililishinda Bunge. Hapana. Bunge liliamua, walioshindwa ni wabunge wetu, kwa kura. Lakini chama chenye Serikali kikiwa ndicho chenye viti vingi mle ndani, kuzuiana kunabaki na nguvu kiasi gani? Ubaoni nachora mishale ya kwenda na kurudi kwa unene mmoja, huku najua kwamba mingine ni myembamba.

Na DC je? Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani kwa masharti maalumu, mwisho saa 48. Zikiisha, afikishwe mahakamani au aachiwe. Watu wanaliona gari na polisi. Masharti hawayaoni, basi wanahitimisha kwamba DC ndiye anayefunga. Hakimu si mtu wake. Anateuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, na ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Kuna jambo moja siliandiki ubaoni. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 imeweka kamati ya maadili ya mahakimu kila wilaya, na mwenyekiti wake ni nani? Mkuu wa Wilaya. Kamati inashughulikia malalamiko ya mwenendo, hukumu haiigusi. Hakimu akija kazini amelewa, lalamika kwenye kamati. Akikuhukumu vibaya, kata rufaa. Kwenye karatasi mpaka huo uko wazi. Kama hakimu wa kijijini anauona wazi hivyo hivyo anapomhukumu mtu wa karibu na mwenyekiti wake, hilo siwezi kumwapia mtoto wa miaka kumi na moja.

Wanaoendelea kuniuliza baada ya kengele nawapa ibara ya 107B, inayosema Mahakama itakuwa huru, waisome nyumbani kwa sauti. Ni sentensi moja tu. Kesho yake wanarudi na maswali, na mengi yanaanzia kwa baba.