Hiyo dawa mpya iko wapi? Majibu kuhusu tafiti za tiba za miaka ya karibuni

Redio inatangaza tiba mpya asubuhi. Jioni mtu amefika zahanati kuiulizia, na mhudumu hajawahi hata kuisikia. Maswali haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara kwenye kliniki za mama na mtoto na kwenye vijiwe vya kahawa. Nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa.

Kila wiki tunaambiwa "watafiti wamegundua". Mbona zahanati yetu ina panadol ileile?

Neno "kugundua" lina tumbo kubwa. Dawa iliyomponya panya wa maabara, imegunduliwa. Iliyopewa watu thelathini ili ionekane kama ni salama, nayo imegunduliwa. Iliyolinganishwa na tiba ya kawaida kwa maelfu ya wagonjwa, hiyo pia tunasema imegunduliwa, ingawa ile ya kwanza na hii ya mwisho zimeachana kwa miaka mingi na zaidi ya nusu ya zinazoanza safari hazifiki.

Chukua chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S. Ilitengenezwa maabara mwaka 1987. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza itumike kwa watoto Oktoba 2021. Aliyezaliwa mwaka ilipotengenezwa alikuwa na miaka 34, huenda na watoto wake wa kuchanjwa.

Ukisikia habari ya dawa mpya, uliza: imejaribiwa kwa nani, imelinganishwa na nini, na nani ataigharamia? Hilo la tatu watangazaji hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama dawa itafika kijijini.

Mwanangu amepata chanjo ya malaria huku Homa Bay, na bado ameugua malaria. Tumedanganywa?

Hapana, mama. Kilichokosekana ni maelezo. Kuna chanjo zinazofunga mlango kabisa, na kuna zinazoubana. Hii inaubana.

Mbu anapouma, anaingiza vimelea vinavyokimbilia ini kabla ya kuingia kwenye damu na kuleta homa. Chanjo inaufundisha mwili kuvikamata katika hatua hiyo fupi ya njiani. Vikiponyoka vichache tu, vinazaliana ini na mtoto anaugua.

Chanjo ya pili, R21, ilijaribiwa Nanoro na Dande nchini Burkina Faso, Mali, Kilifi nchini Kenya, na Bagamoyo nchini Tanzania. Kwenye maeneo ambako malaria ipo mwaka mzima, kinga ilikuwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu. Yaani mahali ambapo ungetarajia watoto 100 waugue, wanaugua kama 32. Mwanao anaweza kuwa mmoja wa hao 32, na kwake yeye hesabu hiyo haina faraja. Ila tazama upande wa vifo. Kenya, Ghana na Malawi zilipoanza kutoa RTS,S mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, ukihesabu vya kila sababu isipokuwa ajali. Hapo wamehesabiwa pia watoto ambao hawakuchanjwa katika maeneo hayo.

Kinga hupungua kadiri miezi inavyopita, ndiyo maana kuna dozi ya nne. Wazazi wengi huikosa hiyo kwa kuwa mtoto ameshakua na safari za kliniki zimekwisha. Chandarua kibaki kitandani. Na mtoto akichemka mwili, apimwe, hata kama kadi yake imejaa mihuri.

Dada yangu alifariki kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Hivi kuna kipya chochote hapo?

Pole sana. Kipo, na ukiniuliza mimi, katika tafiti zote nilizosoma miaka hii, hakuna inayonigusa kama hii, kwa sababu kiini chake ni karatasi ya plastiki.

Wanawake wapatao 70,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuvuja damu baada ya uzazi. Dawa za kuizuia zipo. Tatizo kubwa lilikuwa macho. Mkunga alikadiria damu kwa kuangalia: shuka limelowa kiasi gani, sakafuni kuna dimbwi la ukubwa gani. Macho hudanganya, hasa usiku, hasa mkunga akiwa peke yake na wazazi wanne. Na hata akigundua, mafunzo yalimwelekeza kupanda ngazi mojamoja: jaribu hili, subiri, likishindikana jaribu lile. Damu haisubiri.

Utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham na kuchapishwa mwaka 2023, uliingia katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi ziendelee kama zamani, nyingine zibadilishe mambo mawili. La kwanza, mara baada ya mtoto kutoka, mama anawekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko unaoning'inia mwishoni, nao una mistari ya vipimo kama jagi. Mkunga hakadirii tena, anasoma. La pili, dalili ikionekana, kila kitu kinafanyika kwa pamoja ndani ya robo saa: kukanda tumbo ili mfuko wa uzazi ubane, dawa ya kuubana, sindano ya asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu kuendelea kuvuja, dripu, na kukagua kama kuna kuchanika au kipande cha kondo kilichobaki ndani.

Zaidi ya wanawake 200,000 walijifungua katika hospitali hizo. Palipokuwa na mfumo wa zamani, karibu nusu ya visa vya kuvuja damu havikutambuliwa. Palipo na mfuko, vilitambuliwa 93 kati ya 100. Waliovuja damu nyingi kupindukia, au wakapasuliwa, au wakafariki kwa ajili yake, walikuwa 43 kwa kila 1,000 upande wa zamani, na 16 upande mpya.

Ona kwamba hakuna dawa hata moja iliyovumbuliwa hapo. Zote zilikuwa kabatini.

Nyongeza kwa wanaoishi mbali na umeme: oksitosini, sindano ya kawaida ya kubana mfuko wa uzazi, ni lazima itunzwe kwenye friji. Mwaka 2018 ilithibitishwa, kwa wanawake karibu 30,000 wa nchi kumi zikiwemo Kenya na Uganda, kwamba kabetosini, dawa nyingine ya kubana mfuko wa uzazi, katika aina yake inayohimili joto, inazuia kuvuja damu kwa kiwango kinacholingana nayo.

Nimesikia kuna sindano ya UKIMWI mara mbili kwa mwaka. Ni chanjo?

Si chanjo, wala haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ni dawa ya kinga kwa asiye na VVU, jina lake lenakapavia. Inachomwa chini ya ngozi na kukaa hapo ikitoka kidogokidogo kwa miezi sita. Ni kawaida kusikia kijinundu mahali ilipochomwa.

Ilijaribiwa Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika makundi mawili ya waliopewa vidonge vya kila siku, wapo walioambukizwa. Vidonge si vibovu. Vikimezwa kila siku vinakinga. Lakini matokeo ya utafiti yalionyesha kuwa wengi hawakuvimeza, na anayelijua chumba cha kupanga au nyumba ya mkwe anaelewa: kopo la vidonge mkobani linazua maswali. Sindano haionekani.

WHO iliipendekeza Julai 2025, kwenye mkutano wa UKIMWI uliofanyika Kigali. Marekani bei yake iliwekwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kwa nchi zetu, ilitangazwa mwaka huohuo kwamba watengenezaji wengine wataitoa kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Kabla ya kuchomwa lazima upime, na haizuii mimba wala kaswende.

Zamani binti alichomwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mara mbili. Sasa ni mara moja. Si wamebana matumizi tu?

Shaka yako ni halali, na jibu limetoka nyumbani. Kisumu, Thika na Nairobi, watafiti walifuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi mapya ya aina namba 16 na namba 18 za kirusi cha HPV, ambazo husababisha takriban saratani saba katika kila kumi za mlango wa kizazi. Mwanza nako, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja iliamsha kinga ya kutosha. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Fedha zimeokolewa, ndiyo, na kwa dozi zilezile wanachanjwa wasichana wengi zaidi.

Selimundu imepata tiba ya kuponya?

Ipo, Uingereza ikawa ya kwanza kuiidhinisha Novemba 2023. Seli za uboho za mgonjwa zinatolewa, zinahaririwa jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), kisha anapewa dawa kali za kusafisha uboho uliobaki kabla ya kurudishiwa seli zake. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Sitakupa matumaini ya uongo.

Lakini kuna jambo lisilosemwa vya kutosha. Tiba hiyo hufanya kazi kwa kuuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga (himoglobini ni kile kinachobeba oksijeni kwenye damu), ile tunayozaliwa nayo, ambayo haipindi seli za damu kuwa kama mundu. Kidonge cha haidroksiurea nacho huongeza himoglobini hiyohiyo. Hakiponyi, na hakiigi nguvu ya ile tiba, ila watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale waliokimeza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 walipata maumivu machache zaidi, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Hata malaria ilipungua, wakati hofu ilikuwa kwamba ingeongezeka. Mwenye mtoto mwenye selimundu akiulizie kliniki. Asijinunulie dukani, kwa sababu damu lazima ipimwe mara kwa mara.

Wametuomba mtoto wetu aingie kwenye utafiti. Baba yake anasema watamfanya panya.

Mwambie baba aje naye aulize. Mna haki ya kuelezwa kwa lugha mnayoielewa, kwenda nyumbani kufikiri, kukataa, na hata kutoka katikati bila mtoto kunyimwa matibabu ya kawaida. Ulizeni yule atakayeangukia kundi la kulinganisha atapewa nini. Asiambiwe kwamba hatapewa chochote wakati tiba inayojulikana ipo. Ulizeni akiumia nani atamtibu na kwa gharama ya nani. Nakala ya fomu ya ridhaa mwondoke nayo. Humo kuna namba ya kamati ya maadili iliyotoa kibali, ambayo haimtumikii mtafiti. Mkiambiwa fomu haina namba hiyo, au msaini haraka kwa kuwa gari linaondoka, msisaini.