Karatasi ni yako, maneno je?

Mwalimu mmoja mstaafu huko Kasulu alinipa kaunta buku yake, imejaa ngano za Kiha. "Chukua, mwanangu, kapige picha." Nikapiga kurasa zote, nikajua ruhusa ninayo.

Sikuwa nayo. Wengi hudhani ukipewa daftari umepewa na maneno yake. Hata barua uliyotumiwa, karatasi ni yako, ila hakimiliki ya yaliyomo ni ya aliyeandika. Ikabidi nirudi na hati ya ukurasa mmoja, nikamsomea: nitanakili, nitaweka kwenye kompyuta, wanafunzi wa isimu watasoma, huenda mtu akatunga kamusi akaiuza. Hapo akavua miwani. "Kuuza, hapana." Tukakata mstari huo, kila mmoja akasaini pembeni. Ningemwambia "ruhusa ya utafiti" tu, angekubali asichokijua.

Utasikia pia kwamba kazi isiyosajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, haina mwenyewe. Si kweli. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ulinzi huanza kazi inapotungwa. Usajili husaidia ushahidi siku ya mzozo.

"Cha zamani ni bure." Zamani ipi? Tanzania Bara ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tippu Tip, aliyekuwa na makazi Tabora, alifariki 1905, kwa hiyo maisha yake kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili yako huru. Tafsiri iliyofanywa miaka mingi baadaye ni kazi nyingine, na miaka yake huhesabiwa kwa mfasiri.

Na ngano, si za jadi, za wote? Kuzisimulia, ndiyo. Lakini sheria hiyohiyo inazigusa sanaa za jadi: ukizitoa kwenye mazingira yake ukazifanyia biashara, unahitaji idhini. Mzee na miwani yake hakuwa mbali na sheria.

Kunukuu mistari michache na kumtaja mwandishi kunaruhusiwa. Kuingiza kitabu kizima kwenye hazina ya matini, yaani mkusanyiko wa maandishi ya kuchunguzia lugha, si kunukuu, hata kama hulipwi senti. Matini ya sheria na hukumu za mahakama, hizo chukua tu.

Kurasa za mwisho za kaunta buku zina mashairi ya marehemu mke wa Mwalimu. Bado sijayagusa. Warithi ni yeye na watoto sita, na mmoja yuko Bujumbura.