Kamera isiyo na kioo: jina linasema nini, na kamera ya mfukoni inaingia wapi

Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa vitu vitatu: kile cha kujitazamia, kile cha dirishani, na kile cha simu kinachopasuka ikianguka. Ndiyo maana mteja akiambiwa dukani kwamba hii ni "kamera isiyo na kioo" huigeuza nyuma, akaona kioo kinawaka, akadhani muuzaji anamfanyia mzaha. Kioo kinachozungumzwa hapa ni kile cha kwanza, cha kujitazamia, na makazi yake hayakuwa nyuma ya kamera bali tumboni mwake.

Chukua DSLR, zile kamera nene ambazo wapiga picha wa harusi wamezibeba shingoni miaka mingi. Nyuma tu ya lenzi kuna kioo kimelala mshazari kwa nyuzi 45. Mwanga ukiingia hukigonga, hupanda juu, hupindwa tena ndani ya prizimu na kutokea kwenye dirisha dogo unaloweka jicho. Ukibonyeza, kioo huinuka ghafla kupisha njia, shata (lile pazia la ndani) hufunguka, mwanga ukafika kwenye kihisi (kibamba kinachopokea mwanga na kuunda picha), kisha kioo kikashuka. Ule mlio wa "klak" unaowafanya watu wageuke msikitini wakati wa nikaha, sehemu yake kubwa ni kioo hicho kinapanda na kushuka.

Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1: lenzi inatoka, kihisi ni kikubwa, lakini kioo na prizimu havimo. Kihisi chenyewe ndicho kinachoona muda wote na kupeleka picha kwenye skrini ya nyuma, au kwenye kiskrini kidogo kilichofichwa ndani ya dirisha la jicho. Hiyo ndiyo maana nzima ya mirolesi, yaani "mirrorless" ya Kiingereza, isiyo na kioo. Kioo kikiondoka, lenzi husogea karibu na kihisi: kwenye DSLR za Canon nafasi hiyo ni milimita 44, kwenye mirolesi zao za EOS R ni milimita 20, kwa Nikon imeshuka kutoka milimita 46.5 hadi 16. Kamera imekuwa nyembamba kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo lenzi ya DSLR ya zamani inavaa kwenye mirolesi kwa adapta, wakati kinyume chake kwa kawaida hakiwezekani.

Faida unayoiona siku ya kwanza ni kwamba picha unaiona ilivyo kabla ya kubonyeza. Saa saba mchana, ukuta mweupe wa Boma la Wajerumani hapa Bagamoyo ukiwaka jua, skrini inakuonyesha mapema kwamba uso wa mtu aliyesimama mbele utatoka mweusi. Hasara nayo ni chakula cha betri, maana kihisi na skrini haviachi kufanya kazi. Kwa sherehe ya siku nzima beba betri tatu.

Sasa njoo kwenye kamera ya mfukoni, ile ndogo ambayo lenzi yake hutokeza ukiwasha na kurudi ndani ukizima. Ifungue: kioo hakimo. Wala hakijawahi kuwamo. Kwa hiyo swali la "nichukue isiyo na kioo au ya mfukoni?" limekaa vibaya tangu mwanzo, kwa kuwa zote mbili hazina. Jina mirolesi lilibuniwa kuitofautisha na DSLR, na halisaidii kuitofautisha na kitu kingine chochote. Kinachozitenga hizi mbili ni mambo mengine kabisa: je, lenzi inatoka? Na kihisi kina ukubwa gani?

Kihisi (wengine husema sensa, si ile ya watu na makazi) ni kile kibamba kinachopokea mwanga. Kikubwa kinachojulikana sana ni cha milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya zamani ya milimita 35. Kinachofuata, kiitwacho APS-C, ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, na ndicho kilichomo kwenye mirolesi nyingi za bei ya kati. Kamera nzuri za mfukoni zina kihisi cha "inchi 1", ambacho kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8, jina limerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, wala hakuna upande unaofika inchi. Halafu kuna zile za bei rahisi zenye kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Hizo za mwisho ziache. Simu nyingi za bei ya juu leo zina kihisi kikubwa kuliko hicho, na ukinunua utakuwa umelipia kurudi nyuma. Labda uwe unataka zumu ndefu ya lenzi, au kamera ya kuzama majini kama Olympus TG-6, inayostahimili kina cha mita 15 bila kuvalishwa mfuko.

Ukipiga hesabu ya eneo, APS-C ni takriban milimita za mraba 367 na "inchi 1" ni 116. Kubwa inapokea mwanga mara 3.2 zaidi, mradi tundu la lenzi liwe na kipimo kilekile cha f (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Hilo sharti la mwisho wanunuzi wengi hulisahau, na hapo ndipo pesa hupotea.

Tazama kamera mbili za Sony, zote za mwaka 2014. A6000 ni mirolesi ya APS-C, nayo iliuzwa na lenzi ya kianzio ya milimita 16 hadi 50. RX100 III ni ya mfukoni, ya "inchi 1", yenye lenzi isiyotoka. Zote mbili zinaona upana unaokaribiana. Lakini ukivuta zumu hadi mwisho, lenzi ya kianzio ya a6000 inabana hadi f/5.6 ilhali ya RX100 III inabaki f/2.8. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 mwanga unapungua mara nne. Kihisi kikubwa kinarudisha mara 3.2 tu. Yaani ile ya mfukoni, yenye gramu 290, imeishinda mirolesi ya gramu 460 na lenzi yake, ndani ya ukumbi uleule, kwa taa zilezile.

Sasa ichomoe lenzi ya kianzio, uvalishe ya milimita 50 yenye f/1.8. Mambo yanageuka: mirolesi inakusanya mwanga zaidi ya mara saba ya ule wa kamera ya mfukoni, na nyuma ya bibi harusi taa zinayeyuka kuwa madoadoa laini. Kwa hiyo mirolesi unayonunua na lenzi ya kianzio, ukakaa nayo miaka mitatu bila kununua ya pili, ni kamera ya mfukoni isiyoingia mfukoni. Bei ya lenzi ya pili iweke kwenye hesabu siku ileile ya kwanza. Kama haipo na haitakuwepo, nenda na ya mfukoni bila aibu.

Kazi nazo hutofautiana. Kutembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo, milango ya nakshi, magofu ya Kaole, mashua zinazorudi asubuhi, zote ni kazi za mchana, na jua la pwani halina ubaguzi: kihisi kidogo na kikubwa vinatoa picha ambazo ukizitazama kwenye simu huwezi kuzitenga. Soko la samaki ni pahala pa kamera ndogo hasa. Ukiinua lenzi ndefu, wachuuzi wanakunja uso na mnada unasimama. Ndogo haitishi, ingawa ruhusa huombwa kwa zote mbili.

Usiku ni habari nyingine. Ngoma kwenye jukwaa la TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ina miguu inayoruka na taa zinazobadilika. Ili mguu usitoke kama moshi unahitaji shata ya 1/250 ya sekunde au ya kasi zaidi, na hapo ISO (kipimo cha kamera kukuza mwanga hafifu) inapanda, na chenga kwenye picha nazo zinaongezeka. Ikiwa APS-C bado inakupa picha ya kuchapishwa kwenye ISO 6400, kihisi cha "inchi 1" kitakupa chenga zilezile kwenye ISO 2000 hivi. Ukipigia jukwaani mara kwa mara, mirolesi yenye lenzi ya f/1.8 haina mjadala.

Shata ya kimya nayo isikudanganye. Kamera nyingi za aina zote mbili zinaweza kupiga bila sauti, jambo zuri msikitini. Lakini kwenye kamera nyingi kihisi husomwa mstari kwa mstari, si kwa mkupuo. Mkono wa mpiga ngoma hupinda kama mpira. Taa nazo huleta michirizi: umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa ndefu za mrija na LED nyingi za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde. Dawa yake ni kurudi kwenye shata ya kawaida na kuweka 1/50 au 1/100. Kwa bwana harusi aliyeketi mbele ya shehe, 1/100 inatosha sana.

Kwa video ya sherehe, soma kwanza ukomo wa kurekodi. Kamera nyingi za miaka ya nyuma hukatika kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu ya ushuru wa Ulaya uliotoza zaidi vifaa vinavyorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo. Baadhi ya kamera za mfukoni husimama baada ya dakika 5 tu zikirekodi 4K, ili zisichemke.

Lakini adui mkubwa wa kamera Bagamoyo ni hewa. Kuvu huota kwenye vioo vya lenzi panapokuwa na unyevu na giza, na masika vyote viwili vinapatikana bure ndani ya begi. Lenzi ya mirolesi ikiota kuvu unaipeleka kwa fundi, au unaitupa na kununua nyingine. Ya kamera ya mfukoni ikiota, kamera nzima imeugua. Tafuta ndoo au boksi la plastiki la lita 10 lenye mfuniko wa kubana, weka silika jeli gramu 300 na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji; zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Mchele haufai, unaacha vumbi la wanga. Begi la ngozi nalo ni shamba la kuvu.

Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kwa nusu saa ipate joto la nje kwanza. La sivyo mvuke unaganda juu ya lenzi, na mwingine ndani, usikoweza kufuta.

Mchanga una njia mbili. Kwenye mirolesi huingia unapobadilisha lenzi, kwa kuwa kwenye nyingi kihisi kipo wazi kabisa (baadhi ya Canon EOS R hushusha shata ukizima). Zima kamera, ielekeze chini, upe mgongo upepo, na lenzi mpya iwe imeshavuliwa kofia. Kusi ikivuma ufukweni usibadilishe kabisa. Ingia ndani, au jikinge kwa kanga. Kwenye ya mfukoni mchanga huingia kwenye nafasi kati ya pete za lenzi inayotokeza. Punje moja ikikwama, mota inasukuma, inashindwa, na skrini inaandika kasoro ya lenzi. Usiivute kwa vidole. Zima, ielekeze chini, puliza pembeni mwa pete kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo wenye mate, kisha ujaribu tena. Isipokubali, mara nyingi hubadilishwa lenzi nzima, kwa gharama inayokaribia bei ya kamera iliyotumika.

Chumvi hufutwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo ya bahari na kukamuliwa, baada ya kupuliza. Ukianza na kitambaa kikavu unasugua chembe juu ya kioo.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu, nenda na tochi. Kwa mirolesi, toa lenzi, mulika upande mmoja na kuchungulia upande wa pili: kuvu huonekana kama utando wa buibui. Rudisha lenzi, weka f/16 na ISO 100, piga anga tupu au ukuta mweupe. Madoa ya kijivu ni vumbi na husafishika, mikwaruzo haisafishiki. Piga picha nyingine kofia ikiwa imefungwa, utafute nukta nyekundu au nyeupe zinazowaka zenyewe. Kwa ya mfukoni, washa na kuzima mara kumi mfululizo, vuta zumu mwisho na kurudi, ukiweka sikio karibu. Sauti ya kusaga ni mchanga, na bei yoyote hapo ni kubwa. Na muuzaji akisema betri haina chaji ndiyo maana haiwashi, rudi na yako: a6000 inatumia NP-FW50, RX100 zinatumia NP-BX1, na haziingiliani.