Ganda la Dunia Chini ya Bahari ya Hindi Hupimwaje?

Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, bamba la Afrika na lile la Antaktika huachana kwa takriban milimita 14 tu kwa mwaka. Magma inayopanda hapo ni haba, hivyo sehemu nyingi za ganda ni nyembamba kuliko kilomita 6 hadi 7 zilizozoeleka baharini.

Ili kulipima, meli huzamisha seismomita (chombo kinachorekodi mitetemo) hadi sakafuni, kisha hupita juu yake ikifyatua bunduki za hewa, ambazo hutuma mawimbi majini na miambani. Chombo hicho hushuka takriban mita 1 kwa sekunde. Penye kina cha kilomita 4 hutumia zaidi ya saa nzima, na mkondo hukisukuma pembeni. Mahali kilipotua hukokotolewa upya kutokana na mawimbi yaliyokifikia kwa kupita majini tu, kwa kilomita 1.5 kwa sekunde. Saa yake nayo hulinganishwa na GPS kabla ya kuzamishwa na baada ya kuopolewa, kwani kosa la sekunde 0.01 ni sawa na mita 70 hivi ndani ya mwamba. Mifyatuo ikifuatana upesi, mwangwi wa uliotangulia hufunika mawimbi dhaifu yatokayo mbali. Hasara hiyo ni kubwa: wimbi lililopitia mantili (tabaka la mwamba chini ya ganda) huanza kuwahi mengine kwenye umbali wa kilomita 30 hadi 40.

Gabro, mwamba wa magma iliyoganda ndani ya ganda, hupitisha mawimbi ya P (ya mbano, yanayofika kwanza) kwa karibu kilomita 7 kwa sekunde, mantili karibu 8. Kasi inaporuka hivyo ndipo penye Moho, yaani mpaka kati ya ganda na mantili. Lakini tahadhari! Peridoti, mwamba wa mantili, ikipenywa na maji ya bahari hugeuka serpentini, kasi yake ikashuka hadi kufanana na ya gabro. Densiti hushuka pia, kwa hiyo vipimo vya nguvu ya uvutano wa Dunia haviamui ubishi. Afadhali mawimbi ya S (yanayotikisa mwamba kwa upande): serpentini huyachelewesha zaidi kuliko inavyoyachelewesha ya P.

Atlantis Bank, mwinuko wa sakafu ya bahari katika eneo hilo, ndiko suala hili linakosumbua hasa. Mitetemo huonyesha Moho kilomita 5 hivi chini ya sakafu. Shimo 735B, lililochimbwa 1987 na 1997, lilifika mita 1,508, karibu lote likiwa gabro. Jirani yake, meli ya JOIDES Resolution ilianza shimo U1473A mwishoni mwa 2015, nalo likafika karibu mita 800. Yote mawili yako mbali na Moho, na kwenye Moho huenda ganda ndipo linapokoma, au maji ndipo yalipoishia kupenya.