Mkwaruzo ukiziba, je, ni mshubiri ulioziba?

Ute wa mshubiri (aloe vera) ni maji kwa takribani asilimia 99. Tunachokitafuta kimo katika hicho kidogo kinachobaki, hasa asemanani, aina ya wanga wenye molekuli kubwa. Kwa hiyo jaribio la maabara la kuona kama mshubiri huponya kidonda, kwa kukwaruza seli na kutazama zikiziba pengo, huweza kuharibika mapema kabisa, pale jani zima linapolowekwa kwenye ethanoli kama magome na mizizi. Asemanani haiyeyuki katika ethanoli: hubaki na makapi, ikatupwa. Kinachoingia chupani ni aloini, ile chungu ya utomvu wa njano inayoendesha tumbo. Kata jani, lisimamishe utomvu uchuruzike, menya ganda, ndipo ukwangue ute.

Pima kwanza kama dawa ina sumu kwa seli. Katika kipimo cha MTT, seli hai hugeuza rangi ya njano, ndiyo MTT yenyewe, kuwa zambarau. Lakini flavonoidi, kemikali za asili za mimea, huweza kuigeuza zenyewe, bila seli hata moja, na dawa inayoua ikaonekana salama. Katika sahani ya maabara, tenga vishimo vyenye dawa na MTT pasipo seli, kisha punguza usomaji wake kutoka ule wa vishimo vyenye seli.

Sasa mkwaruzo. Subiri seli za ngozi zifunike sakafu yote ya kishimo, kisha chora mstari mmoja kwa ncha ya pipeti ya mikrolita 200. Osha mara mbili, taratibu. Seli zilizong'oka zikiachwa hushika upya katikati ya mstari, nawe utazihesabu kuwa uponyaji. Chakula cha seli kiwe na seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) asilimia 1 hivi badala ya 10 ya kawaida. Seramu ina vichocheo vya ukuaji: ikizidi, kila mkwaruzo utaziba, wenye dawa na usio na dawa. Ukiyeyushia dawa kwa kiyeyushi cha DMSO, kisipite asilimia 0.5, na vishimo linganishi, visivyo na dawa, vipewe kiasi kilekile. Piga picha saa 0, 6, 12 na 24, mahali palepale. Alama ya kalamu chini ya sahani inatosha.

Jambo linalosahaulika mno: chujio la mikromita 0.22 hunasa bakteria, lakini sumu iliyokwisha kutoka kwenye kuta zao hupita, nayo huchokoza seli. Ipime peke yake.

Ukifika kwa panya, kumbuka kwamba ngozi yake hujivuta yenyewe na kukaza kidonda, ilhali cha binadamu hutegemea zaidi ngozi mpya kuota. Ndiyo maana hushonewa pete ya silikoni kuzunguka kidonda.